Ufa wa chesisi hauzibwi kwa rangi

Anayeshuka kutoka River Road, Nairobi, kuelekea mtoni hufika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Hapa nyundo hazinyamazi. Maduka ya vipuri yamebanana, na mafundi wa jua kali wamelala chali chini ya matatu, pikapu na magari ya familia. Gari la zamani la spoti likiletwa, lazima watu wageuze shingo.

Kenya ina sababu ya kuyapenda magari hayo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena 1973, mara hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini vumbi na mashimo yaliyoyapa magari haya sifa ndiyo pia huyavunja mgongo.

240Z haina fremu nzito iliyotengana na bodi kama ya lori. Bodi yenyewe hubeba uzito, ikisaidiwa na reli za bati zilizokunjwa kama sanduku chini ya sakafu. Maji na matope huingia ndani ya reli, kutu hula kimyakimya, na baada ya miaka ufa hutokea. Magari mengi ya familia yameundwa kwa namna hiyo hiyo. Dalili si ngumu: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, gari linavuta upande mmoja, au chuma kinalia likipita kwenye tuta.

Fundi wa kulipua kazi hupaka puti na rangi, na ufa hauonekani tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, ufa ulioachwa unaweza kugharimu maisha.

Fundi makini huanza kwa kufungua betri na kuondoa tangi la mafuta na mazulia, maana cheche moja hutosha kuwasha moto. Husugua chuma mpaka king'ae, kisha hutafuta ufa unaishia wapi hasa. Hutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, hupanua mfereji kwa grainda, ndipo huchomelea. Juu yake huweka kiraka cha chuma chenye ncha zilizochongoka kama almasi, kwa sababu kiraka kilichokatwa mraba husukuma mzigo kwenye mstari mmoja na ufa mpya huzaliwa pembeni yake. Bati likiwa limeliwa na kutu, huwa hakuna cha kuchomelea. Hukatwa na kuwekwa jipya. Mwisho hupima chesisi kwa mshazari, pande zote mbili, na kupaka dawa ya kutu mpaka ndani ya reli.

Kazi hii ina bei nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mtu aliyetiwa mchanga machoni, na miwani ya jua haimkingi. Moshi wa bati lenye zinki huleta homa na baridi zinazofanana na malaria. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Rangi ya magari ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikisuguliwa huwa vumbi, na vumbi hilo hurudi nyumbani kwenye ovaroli na viatu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mzazi anayefanya kazi gereji abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, na ovaroli ifuliwe peke yake. Mteja naye asiende na watoto kutazama cheche.

Kabla ya kulipa, mwenye gari aombe kuona chuma kabla hakijapakwa rangi. Amuulize fundi swali moja: ufa huu ulisababishwa na nini? Kama ni shokabu iliyochoka au bolti iliyolegea na haikurekebishwa, kiraka kizuri kiasi gani hakitadumu.