Acha Kudharau Mpira

Wasee wa usanifu, leo tuongee kuhusu mpira. Si Gor na AFC Leopards. Naongea kuhusu kale kaduara kanakodunda kutoka kushoto hadi kulia, zoezi la kwanza ambalo karibu kila mtu anayejifunza animesheni hupewa. Wengi wanaliona kama kazi ya chekechea. Mimi niko nalo mwezi wa pili sasa, na bado linanifundisha.

Nasomea usanifu wa grafiki. Poster, nembo, kadi za harusi, hizo nafanya hata nikiwa na usingizi. Poster inakaa tu pale ulipoiweka. Animesheni ni kitu kingine: haikuulizi umechora nini, inakuuliza hicho kitu kilifika pale aje.

Hesabu ni hii. Sinema ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hivyo unachora 12. Sekunde kumi ni michoro 120. Ukisikia hivyo unatamani kurudi kwa poster zako polepole.

Sasa achilia mpira kutoka urefu wa mita moja. Utagusa chini baada ya karibu fremu 11, haifiki hata nusu sekunde. Lakini haushuki kwa mwendo mmoja. Nusu ya kwanza ya huo muda unashuka sentimita 25 tu, halafu nusu ya pili unamaliza 75 zilizobaki. Ukipanga michoro yako kwa nafasi sawa, mpira hauanguki, unateremka kama lifti. Ukiisongamanisha pale juu na kuiachanisha kuelekea chini, jicho linaamini.

Kilichonishangaza zaidi ni uzito. Nilichukua mpira wa tenisi, jiwe, na mpira wa makaratasi, kama ule tuliokuwa tunafunga kwa kamba kabla mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka wa 2017. Nikaviangusha jikoni huku nikirekodi na simu kwa mwendo wa polepole. Vyote vilifika chini karibu wakati mmoja. Fizikia ya sekondari ilikuwa imeniambia hivyo kitambo, ni macho tu yalikuwa hayajakubali. Uzito hauonekani kitu kikianguka, unaonekana kikishagusa chini. Tenisi inaruka, inaruka tena, kila mara chini kidogo. Jiwe linapiga ti na kukaa. Mpira wa makaratasi unajaribu, unakufa.

Mamangu akanipata hapo.

"Wewe, kwani hii ndiyo karo yangu inaenda?"

"Mum, najifunza kufanya katuni itembee."

"Na itatembea lini?"

Sikuwa na jibu. Na swali lake ni la haki, juu semista moja inameza pesa yake yote ya chama.

Presha haitoki nyumbani pekee. Mteja mmoja alitaka katuni ya sekunde 30, mtu anatembea na kuongea kuhusu biashara yake, kwa siku mbili, kwa elfu mbili. Hiyo ni michoro 360. Piga hesabu: kila mchoro shilingi tano na kitu, nusu ya mandazi. Nilipokataa akasema ataitengeneza na akili bandia. Sawa tu. Sipigani na mashine. Lakini kama hujui kwa nini mtu wako anaonekana anateleza badala ya kutembea, huwezi kumrekebisha, awe amechorwa na mkono ama na kompyuta. Na hicho ndicho mpira unakufundisha: kuona.

Hapa ndipo niko na maoni yangu. Kanuni tuzisome kitabuni, mifano tuitoe mtaani. Zile kanuni 12 ambazo kila mwanafunzi hufundishwa ziliandikwa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, kwenye kitabu chao cha mwaka wa 1981. Zinafanya kazi popote. Lakini video nyingi za mafunzo ninazoona zinaonyesha jamaa akitembea peke yake kwenye sakafu tupu, mikono ikipepea. Nani anatembea hivyo mjini Nairobi?

Enda Marikiti asubuhi umwangalie mtu aliyebeba gunia: hatua fupi za haraka, magoti hayanyooki, kichwa hakidundi. Mwangalie anayevuta mkokoteni: kabla gurudumu lisonge, mwili wake wote ushalala mbele. Hiyo ndiyo kanuni ya kujiandaa kabla ya tendo, bila kitabu. Mwangalie konda akishuka kabla matatu isimame: miguu bado inakimbia, mgongo umeegemea nyuma. Tusipochora hivi, wahusika wetu watavaa kitenge na bado watembee kama watalii.

Na usiniambie huna programu. Blender ni ya bure, na ndiyo ilitumika kutengeneza Flow, filamu kutoka Latvia iliyoshinda Oscar mwaka wa 2025. Kama laptopu yako ni ile inachemka kama sufuria, daftari na penseli zinatosha. Chora mpira kwenye pembe ya kila ukurasa, pindua kurasa na kidole.

Mimi nilifanya hivyo wiki jana. Madaftari matatu, vitu vitatu, vyote vimechorwa duara lile lile, hakuna rangi. Nikampa mamangu bila kumwambia chochote. Akapindua moja, akapindua la pili, akarudia.

"Hili ni jiwe," akasema, na kuendelea kuchambua sukuma wiki.

Swali lake la "lini" bado sijalijibu, na karo ya semista ijayo inakuja. Lakini kama umeanza juzi na unaona unapoteza wakati, usiruke zoezi. Chora mpira wako, mpe mtu asiyejua lolote kuhusu animesheni, na usimwelezee. Akikwambia ni jiwe, songa mbele. Akikuuliza "hii ni nini sasa?", rudi kwa mpira.