Kompyuta Ikigoma Kuwaka Baada ya Apdeti: Tulinde Amana za Mabibi Harusi



Hapa tumezoea kuzungumza vitambaa, hina, udi na maandalizi ya ndoa. Leo niruhusuni nizungumze kompyuta. Najua wengine mtataka kupita, lakini subirini kidogo, kwa sababu jambo hili linamgusa kila dada mwenye duka, na linamgusa pia kila binti anayejiandaa kuolewa. Kompyuta ikikataa kuwaka baada ya kujisasisha, mara nyingi vitu vyako bado vimo ndani, vizima kabisa. Kinachovipoteza, au kuvianika mbele za watu, ni haraka ya kumkabidhi mtu aifute.

Mimi ni fundi wa nguo. Naishi Mbozi Mission, mkoa wa Songwe, mahali palipopata jina kwa misheni ya Wamoravian. Tunduma, mpakani na Zambia, ndiko ninakonunua vitambaa, na ndiko wanakotoka wateja wangu wengi. Waislamu huku si wengi kama huko visiwani, kwa hiyo bibi harusi anayetaka gauni la nikahi lenye stara hutafuta mtu anayemwelewa, na wengine Mwenyezi Mungu huwaleta kwangu.

Dukani, pembeni ya cherehani na overloki, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba. Inatumia Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Niliichagua kwa sababu ni ya bure, haihitaji mashine mpya, na programu ya Inkscape pamoja na nyongeza yake ya Ink/Stitch zinanitosha kuchora maua ya kudarizi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo tusidhani mambo haya ni ya wageni tu.

Ndani ya kompyuta hiyo mna vipimo, michoro, hesabu za vianzio na picha. Na hizo picha ndizo zenye uzito. Bibi harusi akija kujaribu gauni, chumba ni cha wanawake watupu. Nywele ziko wazi, mabega yako wazi, nami nampiga picha ya mgongo na kiuno ili nione kitambaa kinavuta wapi. Anakubali kwa sharti moja tu: "Dada, asizione mtu." Hiyo ni amana, sawasawa na dhahabu aliyokuachia mtu umtunzie.

Sasa, ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na mabibi harusi watatu wa mfungo mosi walikuwa wananisubiri. Ubuntu kwa kawaida huingiza yenyewe masasisho ya usalama bila kuambiwa. Ikiwa katikati ya kazi hiyo, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilitoa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na humo nikasoma maneno "Kernel panic" na "Unable to mount root fs". Nikampigia kijana mmoja anayetengeneza kompyuta mjini. Jibu lake lilikuwa jepesi: "Ilete, naifomati, nusu saa inakuwa mpya. Mafaili tutaona."

Hilo "tutaona" lilininyima usingizi. Akifuta, vipimo vya watu watatu vimekwenda, na Idi imebaki siku chache. Akifanikiwa kuyaokoa mafaili, maana yake ameyafungua. Upande huu hasara, upande ule fedheha ya mtoto wa mwenzangu.

Usiku huo, baada ya tarawehe, nikampigia binti wa dada yangu anayesomea kompyuta Mbeya. "Shikamoo mama mdogo," akasema, "hiyo haijafa, na usimpe mtu. Kaa nayo, mimi nakuelekeza."

Alinieleza kwa lugha ya fundi. Linux ina kiini kinachoitwa keneli, ambacho ndicho kinachoamsha mashine. Sasisho likileta keneli mpya, ile ya zamani haitupwi papo hapo. Huachwa pembeni, kama sisi tunavyoiacha pateni ya zamani mpaka ile mpya ijaribiwe mwilini. Pamoja na kila keneli hutengenezwa faili dogo la kuisaidia kuifikia diski. Kwangu umeme ulikatika kabla faili hilo halijakamilika, ndiyo maana keneli mpya iliamka ikakosa njia. Keneli ya zamani ilikuwa na faili lake, halijaguswa.

Hatua tulizofuata ni hizi. Washa mashine, na mara tu nembo ya kampuni inapoonekana bonyeza Esc. Kwenye mashine za zamani shikilia Shift. Itatokea orodha inayoitwa GRUB. Chagua "Advanced options for Ubuntu". Utaona keneli zimepangwa kwa namba, mpya juu. Shuka kwenye namba ndogo zaidi, isiyo na maneno "recovery mode", ubonyeze Enter. Yangu ikawaka. Alhamdulillah, picha zote, vipimo vyote, hata faili la maua nililokuwa sijalimaliza.

Lakini kuwaka si kupona. Binti akaniambia nifungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, niandike sudo dpkg --configure -a, amri inayomalizia kazi iliyokatika njiani. Kisha sudo update-grub, ili orodha ya kuwashia ipangwe upya. Akanitaka pia niandike df -h nione nafasi iliyobaki, kwa sababu sehemu ya diski iitwayo /boot ikijaa, sasisho hukwama vilevile hata umeme ukiwapo. Ikijaa, sudo apt autoremove huondoa keneli zilizopitwa na wakati. Nikazima, nikawasha, ikaamka kwa keneli mpya kama hakuna kilichotokea.

Si kila kugoma ni kwa namna moja. Ukiona neno (initramfs) na mahali pa kuandika, mara nyingi ni diski inayotaka kukaguliwa. Andika exit, itakutajia sehemu yenye tatizo, kisha andika fsck -y na jina la sehemu hiyo. Na wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wakumbuke Agosti 2024, ambapo sasisho la usalama la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye kompyuta za namna hiyo. Skrini ilisema "Security Policy Violation", na njia ya muda ilikuwa kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Mwezi mmoja kabla, tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilizimisha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama. Haya huwakuta wakubwa na wadogo.

Kama hakuna keneli inayokubali, bado ipo njia. Ubuntu huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, ukanakili mafaili yako kwanza, ndipo ufikirie kufomati.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Ikiwa mimi naweza kuwasha kwa flashi na kuona picha zote bila kuulizwa neno la siri, basi na yule kijana wa mjini anaweza, na mwizi naye anaweza. Neno la siri la kuingilia ni pazia la mlangoni. Kufuli ni kitu kingine. Kufuli lenyewe ni kusimba diski, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Ubuntu hukupa nafasi ya kuchagua hilo wakati wa kuisakinisha. Mimi nimechukua diski ndogo ya nje, nikaiandaa kwa programu ya Disks kwa njia ya LUKS, na picha za mabibi harusi zinakaa humo tu, kabatini. Jueni jambo moja: ukisahau neno lake la siri, hakuna fundi atakayekufungulia. Gauni likishachukuliwa na mwenyewe akaridhika, picha nazifuta.

Vipimo navinakili pia kwenye daftari la karatasi. Daftari halihitaji keneli.

Nanyi mabibi harusi wangu, mnapouliza bei ya shela, kama ya lulu na siku ya kuchukua, ongezeni swali moja: "Dada, picha zangu zinakaa wapi, na zitafutwa lini?" Msione haya. Fundi mwaminifu hatachukia. Na akishindwa kukujibu, jaribu gauni lako, jitazame kwenye kioo, na simu zote zibaki kwenye mikoba.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote, na azibariki ndoa zenu. Amin.