Kijana na Mvumo wa Gitaa

Alikuwako kijana mmoja katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, naye alikuwa mpigaji wa gitaa la umeme. Kwa muda wa miaka miwili aliweka akiba katika fedha alizozipata kwa kuuza mboga sokoni, hata akaweza kununua kikuza sauti, yaani chombo kile ambacho wengi hukiita amplifaya. Hakikuwa kipya, kilikwisha kupita katika mikono ya watu wengi kabla ya kufika kwake. Walakini alikipenda kama mchungaji apendavyo ng'ombe wake wa kwanza.

Furaha yake haikudumu. Kila alipokiwasha, hata kabla hajagusa uzi mmoja, kilitoa mvumo kama wa nyuki waliochokozwa mzingani. Alipoongeza sauti, mvumo nao uliongezeka. Tena siku zilikuwa chache, maana Jumamosi ameahidi kupiga gitaa arusini, na dada yake mdogo ndiye mwimbaji.

Kama ilivyo desturi, washauri hawakukosekana. Mmoja alimwambia anunue spika mpya. Wa pili alimwambia auze chombo chote. Wa tatu, aliyejiona mjuzi kuliko wenzake, alisema, "Fungua plagi, ukate waya ule wenye rangi ya kijani na manjano. Huo hauna kazi, maana umeme hupita katika nyaya mbili tu." Kijana akashika koleo, akaukata. Mvumo haukukoma. Ila jambo jipya likatokea: alipogusa bamba la chuma la kikuza sauti, vidole vyake vilisisimka, kana kwamba siafu wanatembea chini ya ngozi. Hakulijali neno hilo.

Mwisho wa yote akaenda kwa mzee mmoja, fundi wa redio. Mzee huyo katika ujana wake alizitengenezea bendi za dansi vyombo vyao, siku zile ambazo Morogoro ilisifika kote kwa magitaa, kwa kuwa huko ndiko alikopata sifa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979. Kibanda cha mzee kilijaa redio zilizokufa na nyaya za kila rangi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Kijana akaeleza habari zote, ila ile ya koleo hakuitaja. Mzee hakukiwasha chombo. Kwanza alitwaa bisibisi, akaifungua plagi. Akatazama ndani kwa kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Waya huu umekatwa na nani?"

Kijana akainama. "Ni mimi, Mzee. Niliambiwa hauna kazi."

"Je, ulipogusa chuma ulisikia kitu?"

"Nilisikia kama siafu vidoleni."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Keti," akasema. "Mimi nami niliwahi kuukata waya kama huu. Nilikuwa na umri kama wako, na chombo cha bendi yetu kilikuwa kikivuma. Nikaukata, mvumo ukapungua, watu wakanisifu. Nami nikafurahi. Baada ya siku chache, usiku, katikati ya dansi, waya wa ndani ulilegea ukagusa bamba la chuma. Mwenzetu alikuwa ameshika gitaa kwa mkono mmoja. Akanyosha mkono wa pili kuisogeza maikrofoni. Umeme ukapita mwilini mwake kutoka mkono hata mkono, akaanguka. Bahati yake, mtu mmoja aliwahi kuzima umeme. Hakufa, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilikauka, wala hakupiga gitaa tena. Hata alipozeeka alinisalimu kwa wema kila tulipokutana, nami kila mara niliona haya kuutazama mkono ule."

Habari ya namna hii si ya Morogoro peke yake. Mwaka 1965, katika mji wa Sacramento huko Marekani, gitaa la Keith Richards liligusa mlingoti wa maikrofoni, naye akaanguka akazimia, baadaye akapona. Lakini Leslie Harvey, mpigaji gitaa wa bendi ya Stone the Crows, hakupona. Mwaka 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, aligusa maikrofoni iliyokuwa haina waya wa ardhi ulio mzima, akafa mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Basi na tufahamu kazi ya waya ule. Umeme huingia chomboni kwa waya mmoja na kurudi kwa waya wa pili. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, umefungwa kwenye chuma cha chombo na kwenda hata ardhini. Mambo yakiwa salama, waya huu ni kama mlinzi aliyekaa mlangoni bila kazi; mpumbavu humwona mvivu. Lakini waya wenye umeme ukilegea na kugusa chuma, mlinzi huupa umeme njia pana ya kwenda ardhini. Umeme mwingi hupita ghafula, fyuzi huungua, na chombo huzimika. Mlinzi akiwa ameondolewa, chuma hubaki na umeme, kikimngoja mtu wa kukigusa. Na umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Nguvu hizo zatosha kabisa kumwua mtu.

Mzee akaurudisha waya mahali pake, akaukaza kwa msumari wake wa hesi, akaifunga plagi. Akapima kwa chombo chake cha kupimia kama njia ya ardhi ni nzima, na kama umeme hauvuji kwenye bamba. Alipokwisha kuridhika akasema, "Sasa tumtafute mwizi wetu. Nawe ndiwe utakayemtafuta, mimi nitatazama."

Kabla ya kuanza alimpa kijana kanuni mbili. Ya kwanza ni hii: kikuza sauti hakijui wimbo wala kelele. Chini ya nyuzi za gitaa pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadha. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huzaa umeme kidogo sana, nao hupelekwa kwa waya mpaka kwenye kikuza sauti. Huko hukuzwa mara nyingi, na uchafu wo wote ulioingia njiani hukuzwa pamoja nao. Kanuni ya pili: usibadili mambo mawili kwa mara moja, maana mvumo ukikoma hutajua ni lipi lililouponya.

"Haya," akasema Mzee, "punguza sauti, chomoa waya wa gitaa kwenye kikuza sauti, kisha ongeza sauti tena. Sikiliza."

Kijana akafanya hivyo. Mvumo ukatoweka, ukabaki mchirizo mdogo kama wa maji yaanzayo kuchemka.

"Wakutambulisha nini?"

Kijana akafikiri. "Kwamba kikuza sauti ni kizima. Mvumo watoka katika waya ama katika gitaa."

"Vema. Nawe ulitaka kununua spika! Kama mvumo ungalibaki, ningalikuambia uzungushe kitufe cha sauti. Ukibadilika kwa kuzungushwa kitufe, ugonjwa uko kabla yake. Usipobadilika, uko baada yake, na mara nyingi ni kapasita zilizozeeka. Lakini hapo ungaliniachia mimi. Ndani ya vikuza sauti vya vali mna volti 300 na zaidi, nazo zaweza kukaa ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa. Wengi wamepigwa na chombo walichodhani kimelala."

Wakabadili waya wa gitaa, wakaweka wa Mzee uliojulikana kuwa mzima. Mvumo ukabaki vile vile. Basi waya haukuwa na kosa, ukarudishwa. Kijana akapunguza kitufe kilicho juu ya gitaa lenyewe mpaka mwisho, mvumo ukakoma. Akakifungua, ukarudi. Sasa mwizi alikuwa amezingirwa ndani ya gitaa.

"Gusa nyuzi," akasema Mzee. Kijana akagusa, hakuna badiliko. "Sasa gusa chuma cha jeki." Alipokigusa, mvumo ukapungua mara moja, kama mtoto aliyetazamwa na mwalimu.

Mzee akacheka. "Mwili wa mtu hupokea mvumo wa umeme uliomo nyumbani, nao huupeleka karibu na sumaku za gitaa. Kwa ajili hiyo watengenezaji huweka waya mwembamba kutoka kwenye kile chuma kilichoshika nyuzi mpaka kwenye jeki, ili mpigaji agusapo nyuzi mvumo ule upate njia ya kwenda zake. Hapa kugusa nyuzi hakufai, bali kugusa jeki kwafaa. Basi fungua, utazame waya ule."

Wakalifungua gitaa kwa nyuma. Kweli, waya mwembamba ulikuwa umekatika penye lehemu, nao walala umejikunja kama mkia wa mjusi. Mzee akapasha moto chuma cha kulehemu, na kazi yote haikupita dakika tano. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya fungu la mchicha.

"Lakini angalia," akaongeza, "sasa nyuzi zako zimefungamana na chuma cha kikuza sauti. Cho chote kitakachokigusa chuma kile kitafika vidoleni mwako. Umeona kwa nini nilianza na plagi?"

Walipowasha tena, mvumo mkubwa ulikuwa umekwisha. Ulibaki mdogo wenye ukali, na ajabu yake ni kwamba kijana alipogeuka kuelekea mlangoni ulizidi, na alipogeukia ukutani ulififia. Mzee akanyosha kidole juu: taa ya tyubu ilikuwa inawaka. Akaizima, na ukali ule ukaondoka. Maana umeme wetu hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na waya uliozungushwa kwenye sumaku huusikia, kama sikio lisikiavyo minong'ono. Huko Marekani hugeuka mara 60, kwa hiyo mvumo wao ni mwembamba kidogo kuliko wetu. Kwa ajili ya shida hiyo, mwaka 1955, Seth Lover, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gibson huko Marekani, alibuni njia ya kuunganisha mizunguko miwili iliyozungushwa kinyume, yenye sumaku zilizogeuzwa: mvumo wa mmoja huuondoa mvumo wa mwenziwe, lakini sauti za nyuzi hujumlishwa. Gitaa la kijana halikuwa na mizunguko ya namna hiyo, basi ilimpasa kujua tu mahali pa kusimama.

Alipokuwa akiaga, Mzee alimpa neno la mwisho. "Ukumbini mvumo waweza kurudi kwa njia nyingine. Usiogope. Tenga kitu kimoja kimoja, usikilize. Tena, vyombo viwili vilivyofungamana kwa waya, vipe umeme wa mahali pamoja."

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, na maarusi walikwisha keti. Kikuza sauti cha kijana kilichomekwa katika soketi ya ukuta mmoja, na waya mwingine ukakiunganisha na mitambo ya ukumbi iliyochomekwa upande wa pili. Kilipowashwa, ukatoka mvumo mnene uliotikisa hata bilauri mezani. Watu wakageuka kutazama. Yule mshauri wa tatu alikuwako, akamjia mbio na koleo mkononi. "Nilikuambia! Kata ule waya, umalize. Watu wangoja."

Kijana akamtazama dada yake. Msichana alikuwa amekwisha kuishika maikrofoni, akitabasamu, akingoja.

"La," akasema kijana. "Huo hatuugusi."

Akachomoa waya wa gitaa, mvumo ukabaki. Akachomoa waya wa kwenda kwenye mitambo ya ukumbi, mvumo ukakatika. Hapo akaelewa. Waya za ardhi za soketi mbili zilipita njia mbalimbali, na waya wa kuunganisha vyombo ulizifunga zikawa kama pete; katika pete ile umeme mdogo ulizunguka na kuvuma. Akaomba waya wa ekstensheni, akakileta kikuza sauti chake kwenye soketi ile ile ya mitambo, akaunganisha tena. Mvumo ukafifia mpaka ukamezwa na sauti za watu. Yote haya yalichukua dakika tatu. Kisha akapiga nyuzi, na dada yake akaimba.

Siku ya pili alikwenda kwa Mzee kumpelekea habari, pamoja na sahani ya pilau ya arusi. Mzee alisikiliza yote. Alipofika penye habari ya koleo, Mzee hakusema neno. Alimshika kijana mkono, akautazama kitambo, vidole vyote vitano.

Wanafunzi, kelele hutuudhi, nasi hupenda kuinyamazisha upesi kwa njia yo yote. Lakini kunyamazisha si kuponya. Atafutaye kosa hatua kwa hatua hulipata, na asiyemwondoa mlinzi kwa sababu ya kelele hulala salama.

Maswali

1. Kwa nini Mzee alianza na plagi kabla ya kuutafuta mvumo?
2. Eleza kazi ya waya wa kijani na manjano.
3. Kijana alijuaje ya kuwa kikuza sauti chake ni kizima?
4. Kwa nini mvumo ulirudi ukumbini, nao uliondolewaje?
5. Kwa nini Mzee aliutazama mkono wa kijana bila kusema neno?