Maji ya Kutazamwa

Wajapani humwita nishikigoi, au koi kwa ufupi, na maana ya jina hilo haiko mbali na sisi watu wa kanga na kofia za kutarizi: ni samaki aliyevishwa zari. Asili yake si makasri, bali ni mashamba ya mpunga. Wakulima wa milima ya Niigata, ambako theluji huwafungia watu majumbani, walikuwa wakimfuga kwa kitoweo. Karne ya 19 wakaanza kuwatenga wale waliozaliwa na baka jekundu au jeupe, wakawazalisha kwa ajili ya macho. Mwaka 1914 wakawapeleka kwenye maonyesho ya Tokyo, na sifa zao zikaenea. Chakula kiligeuka pambo. Geuko hilo ndilo lililonishughulisha nilipoazimia kuchimba bwawa uani kwetu, pembezoni mwa mji wa Unguja.

Mtaani petu maji ya mfereji huja kwa zamu, na aghalabu zamu hiyo huangukia usiku wa manane. Bwawa nililolipima lilikuwa la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2, yaani lita 7,200, au ndoo 360 za lita 20. Jirani yangu, bibi mtu mzima ambaye hukesha akisubiri mfereji utoe sauti, alipoliona shimo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, samaki wako watakunywa huku sisi tunatazama?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kulibuni.

Mtu angeweza kujitetea kwa historia. Maji ya kutazamwa si mageni visiwani. Sayyid Barghash alipojenga kasri lake la Maruhubi, ambalo lilikamilika mwaka 1882, alilizungushia madimbwi ya mayungiyungi. Kasri liliungua mwaka 1899, na madimbwi yangali yakionekana. Lakini mtawala huyo huyo ndiye aliyeyaleta mjini maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mabomba, watu wakayateka bure. Historia, basi, ilinielemea badala ya kunitetea: kabla ya yungiyungi, ndoo. Hata katika nyumba za kale za Lamu, samaki wadogo waliowekwa birikani walikuwa na kazi yao ya kula viluwiluwi vya mbu. Uzuri wao ulikuwa ziada.

Nikarudi kwenye hesabu, nayo ikanielekeza juu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati letu lina mita za mraba 80. Mvua moja nzuri ya masika, ya milimita 30, hutuangushia lita 2,400. Mwaka wenye milimita 1,500 unatupa lita 120,000, ambazo kwa miaka yote zilikuwa zikipotelea mchangani. Nilimwita fundi, tukabadili mpango mzima. Michirizi ya bati inapeleka maji kwanza katika tangi la lita 5,000, lenye mfereji uliotokezwa nje ya ukuta, upande wa njia. Tangi likijaa ndipo maji yanapofurika kuingia bwawani. Utaratibu huo hauhitaji msimamizi wala huruma ya mwenye nyumba; umejengwa ndani ya mabomba.

Kuchimba kulikuwa kazi ya sururu, kwani chini ya udongo wetu kuna jiwe la matumbawe. Kuta zilijengwa kwa matofali na nondo, zikapigwa lipu, na kingo zikainuliwa hadi kiunoni mwa mtu mzima ili mtoto asitumbukie. Saruji mpya hutoa chokaa inayowaunguza samaki. Kwa hiyo tulilijaza bwawa na kulimwaga mara kadhaa, maji yakaenda kwenye mchanga wa ujenzi. Kisha tukasubiri tena. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, nayo ni sumu. Vijidudu vinavyoota juu ya kokoto za chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo mimea huipenda. Vijidudu hivyo huchukua wiki kadhaa kustawi, na fedha haiwaharakishi.

Joto letu nalo lina lake. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu, na alfajiri, baada ya mwani kuvuta hewa usiku kucha, hubaki pungufu zaidi. Kisiwa kilichokaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hakina sababu ya kuukabidhi umeme roho za viumbe. Pampu yetu ni ndogo, ya nguvu za jua, yenye betri ya usiku, na samaki ni watano tu. Koi hufikia sentimita 60 na huweza kuishi zaidi ya miaka 30, anayemleta humrithisha. Ni mgeni pia, wala haifai kumwachia katika vijito vyetu.

Maji machafu ya chujio huenda kwa migomba na mchicha. Mkungu wa kwanza ulikwenda kwa jirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama walimfikiria mgeni mwenye mapezi.

Sasa ni kaskazi. Jua hupunguza bwawa vidole viwili au vitatu kwa wiki, na alama nyeupe ya chokaa inaonekana ukutani juu ya maji. Naiona kila asubuhi na naiacha. Tangi la njiani limefika nusu, watoto wanateka, na masika yajayo yangali mbali.