Mwuza Hoya wa Ngong Road
Katika miaka aliyouza maua kando ya Ngong Road, Nairobi, mwandishi wa kumbukumbu hizi hakuulizwa swali lolote mara nyingi kama hili: "Mama, mbona hoya yangu haichanui?" Naye kabla ya kujibu aliuliza lake: vile vikonyo vikavu umevikata? Mteja alijibu kwa fahari kwamba ndiyo, ameusafisha mmea vizuri kabisa.

Basi, maua yalikuwa yameondoka na vikonyo. Hoya carnosa huchanua tena na tena kwenye kikonyo kile kile cha zamani. Ukikikata, inabidi itengeneze kingine. Kitaluni kwake mkasi haukuukaribia mmea huo ila wakati wa kuchukua vipandikizi. Alikata shina lenye vifundo viwili, akangoja utomvu mweupe ukauke, kisha akachomeka kifundo cha chini kwenye mchanganyiko wa makumbi ya nazi, mchanga wa mto na vipande vya mkaa. Mizizi ilitoka baada ya wiki tatu au nne, au zaidi ikiwa ni Julai na baridi imekaza. Vyungu alichagua vidogo makusudi. Kwao misituni hoya hutambaa juu ya miti, kwa hiyo kwenye chungu kikubwa kinachokaa na maji mizizi huoza.

Biashara ilichangamka jioni. Vishada vya nyota nyeupe zenye rangi ya waridi, kila moja na kijinyota chekundu katikati, ving'aavyo kama vilivyochovywa kwenye nta, vilinukia zaidi jua likishazama, na waliotoka kazini walisimama wakitafuta harufu inatoka wapi. Aliwaonya wasiutundike juu ya kochi: maua hudondosha asali inayonata.

Jina la mmea lilimfurahisha. Mwaka 1810 mtaalamu wa mimea Robert Brown alimuenzi kwa jina hilo Thomas Hoy, mtunza bustani wa Syon House, London. Bustani ilikuwa ya mtu mkubwa, lakini safari hii sifa ilimwendea mshika jembe.

Februari ilikuwa na mambo yake. Kwa Siku ya Wapendanao wauzaji walipanga vichungu vya Hoya kerrii, kila kimoja na jani moja lenye umbo la moyo. Jani hilo huota mizizi na kukaa kijani kwa miaka, lakini bila kifundo cha shina halitoi hata tawi. Yeye pia aliyauza, maana kodi ya kitalu haingoji, ila kila kijana alimweleza hivyo kabla hajatoa pesa. Wengi walicheka, wakalipa.