Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Mama kijana alikuwa amempakata mwanawe wa wiki sita. Zamu yake ilipofika, hakulifunua paja la mtoto kama alivyoombwa. Alikuwa na swali, na hakutaka kuendelea kabla ya kujibiwa.

"Sista, nimeambiwa kwamba chanjo hii imetengenezwa kwa sumu ya dondakoo. Je, ni kweli?"

Mwuguzi alikuwa mwanamke wa makamo. Foleni ilifika hadi mlangoni, na kukana kungalikuwa kwepesi. Hakukana.

"Ni kweli, mama. Lakini ni sumu isiyoweza tena kufanya kazi yake."

Mama yule hakuondoka, wala hakutosheka. Alimkumbatia mwanawe zaidi. Na nani angemlaumu? Wahenga walisema kwamba asiye na mwana aeleke jiwe. Yeye alikuwa na mwana, na alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe atadungwa sumu.

Neno dondakoo ni neno ambatano: donda na koo. Linataja kile ambacho jicho la mzazi hukiona, yaani utando wa kijivu unaotanda kooni mwa mtoto hadi pumzi ikapita kwa shida. Muuaji mwenyewe hakutajwa katika neno hilo. Bakteria wa dondakoo aghalabu hubaki palepale kooni, ilhali moyo na neva, viungo vilivyo mbali, hudhurika. Mwaka wa 1888 mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin walikuza bakteria hao katika mchuzi, kisha wakauchuja mchuzi huo hadi pasibaki bakteria hata mmoja. Majimaji yaliyosalia bado yaliwaua wanyama. Hivyo ikabainika kwamba bakteria huua kwa kitu wanachokitoa: sumu.

Sumu hiyo ni protini, mnyororo mmoja wa asidi amino 535. Mwanafunzi wa mofolojia hatapata taabu kuuelewa muundo wake. Katika kitenzi "anakupikia" kila mofimu ina mahali pake na kazi yake, na maana hutokana na ushirikiano wa zote. Vivyo hivyo, mnyororo wa sumu umejikunja ukafanya sehemu tatu. Ya kwanza hushika, ya pili hupenyeza, ya tatu huua. Umbo lake lilidhihirika kikamilifu mwaka wa 1992, wataalamu walipoipiga picha kwa miale ya eksirei ikiwa katika hali ya fuwele.

Hapa ndipo methali ya kikulacho inapopata uzito. Sehemu inayoshika hunata kwenye protini iliyo juu ya utando wa seli, protini ambayo seli imejiwekea kwa ajili ya ukuaji wake. Seli huivuta sumu ndani kwa hiari, ikiwa katika kifuko kidogo. Kimeng'enya cha mwili wenyewe huukata mnyororo mahali panapotakiwa, lakini vipande viwili vinabaki vimeshikana kwa daraja la salfa. Kisha seli hukitia kifuko asidi, kama ilivyo desturi yake. Asidi hiyo ndiyo inayoigeuza umbo sehemu ya kupenyeza, nayo hujichomeka katika ukuta wa kifuko na kuipitisha sehemu ya kuua. Daraja la salfa hukatika, na muuaji huwa ameingia chumbani.

Akishaingia, hana haja ya jeshi. Huitafuta protini iitwayo EF-2, ambayo bila hiyo seli haiwezi kuunda protini nyingine yoyote, na kuibandika kipande cha kemikali kinachoizima. Huizima moja, akaiendea nyingine, bila yeye mwenyewe kuchakaa. Mwaka wa 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba molekuli moja tu ya sehemu hiyo, ikiingizwa ndani ya seli, yatosha kuiua.

Hata hivyo, ukali huo wote umo katika umbo. Seli za panya hazidhuriki kwa urahisi, kwa kuwa protini iliyo juu yake imetofautiana kidogo na ile ya binadamu, na sumu hukosa pa kushika. Kuna pia aina ya sumu hiyo iitwayo CRM197, ambayo imebadilika asidi amino moja tu, ile ya 52 katika mnyororo. Badiliko hilo limeinyima uwezo wa kuua. Ni kama "anakupikia" kugeuka "anakupigia": sauti moja imebadilika, na aliyengoja chakula hakipati. Leo CRM197 hutumiwa katika baadhi ya chanjo za kukinga nimonia na homa ya uti wa mgongo. Tena, mwaka wa 1999 Marekani iliidhinisha dawa ya aina fulani ya saratani ambayo ndani yake sehemu ya kushika iliondolewa na pahali pake pakatiwa nyingine, inayozinasa seli za saratani. Muuaji ni yuleyule. Aliyebadilishwa ni anayeuawa.

Chanjo aliyoiogopa mama yule imetokana na njia ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1920, Gaston Ramon wa Ufaransa aliiweka sumu ya dondakoo katika fomalini na joto kwa muda. Fomalini huifunga protini viungo vyake, isiweze tena kushika, kupenya wala kuua. Sura yake, hata hivyo, hubaki ya kutosha mwili kuikariri na kujiandaa. Dawa ya moto ni moto, ila moto huu umekwisha kuzimwa.

Mwuguzi hakuyasema hayo yote. Alichomoa ufunguo wa kabati la dawa mfukoni, akauweka juu ya meza.

"Tazama, mwanangu. Ufunguo huu ukipondwa kwa nyundo, hautafungua kabati hili tena. Lakini ukiuona, hutajua kwamba ni ufunguo?"

"Nitajua."

"Basi ndivyo tulivyoifanya sumu ile. Tunamwonyesha mtoto ufunguo uliopondwa, ili siku mwizi atakapokuja na ule mzima, mwili wake umjue kabla hajafika mlangoni."

Mama aliutazama ufunguo kwa muda. Nyuma yake mtu alikohoa kwa kukosa subira. Akauliza kama mtoto atapata homa. Akaambiwa yamkini kidogo, usiku wa kwanza, na akaelezwa la kufanya. Ndipo alipolifunua paja.

Mtoto alilia sana. Mwuguzi aliandika tarehe kwenye kijitabu cha kliniki, akamkumbusha mama arudi mtoto atakapofikisha wiki kumi, kisha akamwita aliyefuata.