Saa Kumi ya Bamvua

Binti mmoja wa Mji Mkongwe, kidato cha nne, alipewa kadi ya posta ya kale ya Forodhani aipige picha kwa simu na kuwatumia jamaa walioko Maskati. Akaigeuza mbele na nyuma. Kwenye kadi hiyo Beit al-Ajaib haina mnara. Mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa maji. "Mjomba," akauliza, "hawa wametumia programu gani kuutoa huku na kuuweka kule?"

Mjomba, ambaye ndiye mwandishi huyu, alinyamaza kwanza. Kisha akatoa tarehe, kama wafanyavyo watu wazima wakibanwa: jumba ni la Sayyid Barghash, 1883; mnara wa mbele ulikuwa na taa ya kuongozea vyombo; mizinga ya Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ikauharibu, ukavunjwa, na mnara wa saa ukaja kuunganishwa na jumba lenyewe. Binti aliitikia kwa adabu akarudi kwenye simu yake. Tarehe hazikumfaa kitu. Zamani angeambiwa atoke nje akatazame mwenyewe, lakini tangu tarehe 25 Desemba 2020, jumba lilipoporomoka upande wa mbele na kuondoka na mnara wake, cha kutazama ni hizo hizo picha.

Waliopiga za mwanzo wengi wao walikuwa Wagoa: Gomes, Coutinho, Pereira de Lord, watu wa kamera za sanduku na vioo vilivyopakwa dawa. Vioo vya awali vilihitaji mwanga wa muda mrefu, na kila kilichotikisika kiligeuka ukungu, mawimbi yakiwa ya kwanza. Kwa hiyo shwari inayoonekana kwenye picha zile haikuwapo kila siku. Ilingojewa. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Hayo yameandikwa mara nyingi, na yanastahili. Duka linalokumbukwa hapa ni jengine, dogo, ambalo halikuwahi kuandikwa na mtu.

Lilikuwa kichochoroni, hatua chache kutoka Forodhani. Mwenyewe akiitwa Ami na mtaa mzima, hata na waliomzidi umri. Nje baraza, ndani pazia jeusi, nyuma ya pazia chumba cha giza chenye taa nyekundu na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Kabla Ami hajasema karibu, harufu ilikuwa imeshakupokea: siki. Dawa ya kusimamisha picha isizidi kukolea ina tindikali ile ile iliyomo ndani ya siki, na ilipokosekana ya dukani Ami alichanganya siki ya jikoni na maji, kazi ikaenda. Msimu wa karafuu, upepo ukitokea bandarini, harufu mbili hizo zilikutana mlangoni, na mtoto aliyetumwa kuchukua picha za paspoti za baba yake alirudi nyumbani shati likinuka achari. Mama hakuhitaji kuuliza alikopita.

Paspoti, harusi na Idi ndizo zilizomlisha. Ukuta wa studio ulichorwa ziwa, mabata maji na milima yenye theluji, na watu wa Malindi na Kikwajuni walipanga foleni wapigwe mbele ya ziwa hilo, ilhali bahari ya kweli inasikika kutoka pale pale walipokaa. Ami hakuona kichekesho. Mtu hulipia asichonacho, alikuwa akisema, bahari wanayo. Bahari yeye aliipiga kwa pesa zake, akiwa amefunga duka, na mtoto wa kumbebea stendi.

Juu ya meza yake palining'inia kalenda ya Kiislamu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kifaa chake cha kwanza, kamera ikifuata. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua; hilo kila mvuvi analijua. Ami alilifunga na saa. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Kwa mpiga picha hesabu hiyo ni mali. Saa kumi ya bamvua bahari inapiga ukuta wa Forodhani, mashua zote zinaelea, vijana wanachupa kutoka ukutani, jua limeshaanza kuinama na kuta za chokaa zimegeuka rangi ya samli. Anayetaka jua likizama na maji yakiwa yamejaa asije siku hiyo, kwani litakapofika majini nusu ya maji itakuwa imekwenda zake. Angoje siku tatu, maana kila siku maji huchelewa karibu dakika 50. Na anayetaka mchanga wa Paje au Jambiani ulio wazi hadi mwambani, ngalawa zimekaa juu ya nchi kavu, aende saa nne asubuhi ya bamvua na avae kofia.

Jua nalo alilisoma hivyo hivyo. Kwa aliyekaa Forodhani, Juni linazama kaskazini ya kisiwa cha Bawe, Desemba kusini yake. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na wiki ya pili ya Oktoba, adhuhuri linapita utosini na vivuli vinaingia chini ya miguu. Siku hizo Ami alilala mchana. Na kwa kuwa kisiwa kiko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, jua halizami kwa mteremko bali hutumbukia, na mwanga ule wa samawati unaosifiwa na wapiga picha wa Ulaya hapa ni dakika ishirini hivi. Picha za Ami za wakati huo ni chache sana. Alikuwa msikitini, akisali magharibi.

Mita ya mwanga aliimiliki lakini hakuiamini. Mchanga mweupe na kuta za chokaa huidanganya: ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na mchanga wa Jambiani unatoka kijivu. Ami alinyoosha kiganja juani, akapima kiganja, akaongeza hatua moja. Jua likiwa kali hakupima kabisa: filamu ya 100, tundu f/16, sehemu ya 125 ya sekunde, mbele ya mchanga mtupu f/22. Stendi aliikandamiza mpaka ikagoma kushuka, kwa sababu wimbi linaporudi huchimba chini ya miguu yake. Lenzi iliyorukiwa na bahari ilikuwa haifutwi kavu, chumvi isije ikakwaruza kioo. Kwanza kitambaa chenye maji ya kunywa, ndipo kitambaa kikavu. Mtoto wa kubeba stendi aliyekosea mpangilio huo alirudishwa kwao bila ya shilingi yake.

Kisha lilikuwapo kabati. Ndani yake balbu ndogo iliwaka usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, ili lenzi zikae kavu zisiote kuvu. Kuvu hutandaza nyuzi nyembamba ndani ya lenzi, na ikishaanza kukila kioo haitoki tena. Mkewe aliulalamikia umeme huo tangu alipoingia nyumbani humo. Kisiwa kizima kilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi, wenye majokofu walilia na samaki wao. Ami, ambaye wakati huo alishaacha kupanda ngazi, alizipanga lenzi kwenye sinia kila asubuhi na kuzitoa juani kama mtu anayeanika karafuu.

Upepo pia ulikuwa na kazi yake. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi, na picha za vyombo vilivyojazana ni za miezi hiyo. Kusi husafisha hewa baada ya masika, Bawe na Changuu zikaonekana kama za kuguswa, lakini pwani ya mashariki huchafuka. Kati ya pepo hizo mbili, siku za malelezi, maji hutulia hata mlingoti unajiona ndani yake. Siku hizo duka halikufunguliwa, na aliyekuwa na haraka ya paspoti alishauriwa aende kwengine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kamera karibu na bandari ilianza kuulizwa maswali, na picha za Ami za Forodhani zote zikawa zinaishia kabla ya bandari, mkono wa kulia. Miaka ya sabini filamu ilipatikana kwa kujuana na mabaharia. Za rangi aina ya Kodachrome hazikuweza kusafishwa hapa kabisa. Zilitumwa ng'ambo kwa posta, na zikirudi baada ya majuma mengi, kila picha ndani ya fremu yake ya karatasi, Ami alizitazama moja moja dhidi ya dirisha bila kumruhusu mtu asogee. Maabara ya mwisho iliyokuwa ikizisafisha, huko Kansas, iliacha kuzipokea mwishoni mwa 2010.

Yaliyofuata yalikuja mbio. Watalii, hoteli, akina mama wa mwani pwani ya mashariki ambao kufikia miaka ya tisini walishachoka kupigwa picha na wapita njia. Filamu ya Velvia ya Fuji, iliyotoka 1990, ikaifanya bahari ing'are kupita ilivyo, na wenye hoteli wakaipenda. Wao walitaka picha za mchana, wakati ambapo Ami alikuwa amelala, kwa sababu jua likiwa juu ndipo mwanga unapofika kwenye mchanga wa chini na maji yakatoa ule ubuluu wa kijani unaouza vyumba. Hapo walikuwa na haki. Kweli ni saa hizo. Ila wakataka saa hizo tu, na kila kijitabu cha hoteli kikafanana na chengine. Zikaja mashine za kusafisha picha kwa saa moja, zikaja kamera za dijitali, zikaja simu. Sasa ni droni, ambazo zinahitaji kibali na mara nyingi hurushwa kwanza, kibali kikaulizwa baadaye.

Siku hizi Nakupenda, fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa, huwa na mashua nyingi kuliko ndege. Wageni hupanga zamu ya kupigwa picha. Nahodha ana mashine nyuma lakini hutweka tanga kwa dakika chache mtu apate picha, kisha hulikunja akawasha mashine. Huko Pingwe, mkahawa uliojengwa juu ya jiwe unapigwa kutoka pale pale, kwa upana ule ule, na mamia ya watu ambao hawajui kwamba saa chache baadaye jiwe hilo hugeuka kisiwa au nchi kavu. Simu yenyewe huzidisha rangi kabla hujaiomba. Ukimwambia kijana mchanga hauko hivyo, atakuonyesha kioo cha simu kama ushahidi.

Wapo vijana wazuri, na ni haki kusema. Baadhi yao hulala Michamvi kungoja jua la alfajiri, na programu ya maji kujaa na kupwa iko kwenye simu zao, sahihi hadi dakika. Ami angeitaka.

Ami alikufa, studio ikakodishwa, sasa inauza vinyago na sumaku za jokofu. Negativu zake zilibaki ndani ya mabati ya biskuti, chini ya ngazi kwa binti yake. Zilipofunguliwa harufu ilikuwa ya siki tena, mara hii si ya dawa. Filamu za asetati zikikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa tindikali hiyo, na bati moja likianza huambukiza mengine. Nyingi zimesinyaa na kujikunja hata hazilali bapa kwenye skana. Warithi hawajakubaliana: mmoja anataka zipelekwe penye ubaridi ukavu, mmoja anauliza zitauzwa kiasi gani, mwengine anasema zinanuka, zitupwe.

Kuna tatizo jengine. Kwenye bahasha Ami hakuandika mwaka. Aliandika "bamvua, kusi, saa kumi na robo", au "maji mafu, malelezi". Kwa picha ambazo jua limo ndani, mwandishi huyu na mpwa wake wamekuwa wakilipima dhidi ya Bawe na kuupata mwezi. Binti ndiye mwenye macho makali, na ndiye aliyegundua kwamba mwezi huo huwa mmoja kati ya miwili, kwa sababu jua hupita pale pale likienda na likirudi, na kwamba kusi au kaskazi iliyoandikwa kwenye bahasha ndiyo inayoamua, ila pale tu miezi hiyo miwili inapokuwa na pepo tofauti. Mwaka hukisiwa kwa vyombo vilivyotia nanga na kwa mavazi ya waliopo ukutani. Hadi sasa wamemaliza bati moja.